Nyumba ya Likizo Gozo: Pesa Zitoke Lini, na Kwa Njia Gani

Picha ni zile zile karibu kila mara. Nyumba ya mawe ya rangi ya asali, kuta nene, upinde juu ya mlango, ua wenye mti wa ndimu na kidimbwi cha kuogelea kilichotulia kama kioo. Chini yake pameandikwa: vyumba vinne, watu wanane, yuro 1,400 kwa wiki. Mmoja ameitupa kwenye grupu ya chama saa nne usiku, na kufikia asubuhi kila mtu ameshasema "niko ndani". Kinachofuata ndicho kinachotuhusu sisi. Nani analipwa, analipwa lini, na mambo yakiharibika pesa zinarudi au zimeenda?

Kwa asiyekijua, Gozo ni kisiwa cha pili kwa ukubwa katika nchi ya Malta, katikati ya bahari ya Mediterania, kusini mwa Sicily. Kina kilomita za mraba 67 tu, na sensa ya 2021 ilihesabu wakazi elfu 39 hivi. Unatua Malta kwenye kisiwa kikubwa, unakwenda hadi bandari ya Ċirkewwa, kisha feri inakuvusha hadi Mġarr kwa dakika kama 25. Wageni hukifuata kwa utulivu wake: mabwawa ya chumvi ya Xwejni, ufuo wa mchanga mwekundu wa Ramla il-Ħamra, mahekalu ya mawe ya Ġgantija ambayo ni makongwe kuliko piramidi za Misri. Hoteli zipo, lakini watu wengi wanaokwenda kwa familia au kwa kundi hukodi nyumba za zamani za wakulima, ambazo zimekarabatiwa na kuwekewa kidimbwi.

Mkenya hawezi kujiona mgeni sana huko. Magari yanapita upande wa kushoto kama kwetu, soketi za umeme ni zile zile za pini tatu, na Kiingereza ni lugha rasmi pamoja na Kimalta. Hicho Kimalta chenyewe kina mizizi ya Kiarabu, kwa hivyo utasikia maneno unayoyajua: bahari ni baħar, kitabu ni ktieb, sita ni sitta, saba ni sebgħa. Kijiji cha Għarb kiko upande wa magharibi, na jina lake linasema hivyo hivyo. Pesa ni flus, na wazee wetu wa Pwani wanaosema fulusi wataelewa bila mkalimani.

Haya, sasa twende kwa hizo fulusi.

Jambo la kwanza tunataka likae kichwani kabla ya mengine yote: mwenye nyumba wa Gozo hana laini ya 07. Hana till, hana Paybill, na hana binamu Nairobi anayempokelea kodi. Namba za simu za Malta huanza na +356, sarafu yao ni yuro tangu Januari 2008, na kodi za likizo wanazipokea kupitia tovuti za kukodi nyumba, kwa kadi au kwa benki. Kwa hivyo ukiwa umeandikiana na "mwenye nyumba" siku tatu, mmeelewana bei, halafu akakwambia, "Najua kadi zinawasumbua nyinyi Wakenya, mtumie tu wakala wangu hapo Nairobi kwa simu, nitakupunguzia yuro 200", hapo ndipo pa kusimama.

Tunaelewa kwa nini watu hunasa. Ujumbe wenyewe unapendeza. Unaondoa usumbufu wa kadi, unaondoa hesabu ya kubadilisha sarafu, unatoa punguzo, na unatumia njia ambayo mkono wako umeizoea kuliko zote. Tapeli anajua kwamba kutuma pesa kwa simu ni jambo ambalo mtu hulifanya akiwa anapika chai. Sisi ndio tunaendesha huduma hiyo, na tunakwambia wazi: kumtumia mtu usiyemjua kodi ya nyumba ambayo hujaiona si kazi ambayo pesa za simu zilitengenezewa. Ukikosea namba na ukawahi kuripoti, tunaweza kuzuia salio likiwa bado lipo kwenye laini ya aliyepokea. Akishazitoa kwa wakala, na huyu hutoa ndani ya dakika chache, hakuna kilichobaki cha kurudisha. Isitoshe, wewe mwenyewe ulitia namba ya siri, ukasoma jina, ukathibitisha.

Mara nyingi nyumba yenyewe ipo kweli. Hilo ndilo linalowachanganya wengi. Tapeli hachori nyumba, anaiba picha za tangazo halali, anaweka bei ya chini kidogo na barua pepe yake. Ukiitafuta nyumba kwenye ramani utaiona imesimama pale pale Xagħra au Nadur. Kwa hivyo usithibitishe nyumba peke yake. Thibitisha mtu anayekudai pesa.

Kuna njia kadhaa, na hakuna hata moja inayohitaji ujuzi wa kompyuta. Malta ina sheria kwamba nyumba za kukodisha wageni wa likizo ziwe na leseni ya Malta Tourism Authority. Omba namba ya leseni na jina la aliyeandikishwa, kisha uwaandikie mamlaka hayo uulize kama vinalingana. Mwenye nyumba wa haki hataudhika, ameshaulizwa na wengine. Mwombe pia mzungumze kwa video akiwa ndani ya nyumba: afungue mlango wa jikoni, atoke uani, akuonyeshe barabara ya nje. Dakika tano zinatosha. Anayesema kamera ya simu yake imeharibika wiki hiyo, na wiki inayofuata, ameshakujibu.

Kingine ni kusoma tangazo lenyewe kwa makini. Gozo ilikuwa na upinde mkubwa wa mwamba uliosimama baharini huko Dwejra, ukiitwa Azure Window. Uliporomoka wakati wa dhoruba tarehe 8 Machi 2017, ukamalizika kabisa. Ukikuta tangazo linalokuahidi matembezi ya jioni kwenda kuuona, aliyeandika hajakanyaga kisiwa hicho miaka mingi, au hajawahi kukikanyaga.

Na kama malipo ni ya benki, angalia namba ya akaunti. Akaunti za Malta huanza na herufi MT na zina tarakimu na herufi 31 kwa jumla. Akaunti ya nchi nyingine si lazima iwe ya wizi, kwani watu wa Ulaya hutumia benki za mtandaoni za nchi jirani, lakini jina la akaunti likiwa tofauti na jina lililo kwenye mkataba, usilipe hadi upate maelezo yanayoeleweka.

Sasa tuseme mwenye nyumba ni wa kweli. Bado kuna mtego mwingine, na huu hauna mwizi ndani yake. Ni viza.

Malta iko katika eneo la Schengen tangu Desemba 2007, na mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na ada hiyo hairudishwi ukikataliwa. Unahitaji bima ya safari inayofikia angalau yuro 30,000. Na unahitaji kuonyesha utakapolala. Hapo ndipo kamba inapojifunga: ubalozi unataka ushahidi wa nyumba kabla ya kukupa viza, na mwenye nyumba anataka pesa kabla ya kukupa ushahidi. Ukilipa yote mapema kwa bei isiyorudishwa, halafu viza ikakataliwa, umekula hasara ya safari ambayo hukusafiri.

Twende na hesabu ya kile chama cha wanane. Kwa urahisi tufanye yuro moja ni shilingi 150, ingawa siku ya kulipa itakuwa na bei yake. Nyumba ni 210,000, yaani 26,250 kwa kila mmoja. Viza ni 13,500 kwa kila mmoja, zaidi ya nusu ya mchango wa nyumba, na hiyo ndiyo sehemu ambayo watu husahau wanapoitazama picha ya kidimbwi. Sasa wawili kati ya wanane wakikataliwa viza, nyumba bado ni 210,000. Waliobaki sita watatoa 35,000 kila mmoja, kwa hivyo kila mtu ameongezewa 8,750 ambayo hakuipangia. Au wale wawili walipe mahali wasipolala. Yote mawili yanaweza kukubalika, lakini mkubaliane kabla ya mchango wa kwanza, na yaandikwe kwenye grupu ambapo kila mtu anayaona. Vyama vimevunjika kwa pesa ndogo kuliko hizo.

Dawa ya mtego huu ni tarehe. Maombi ya viza ya Schengen yanaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15. Majibu huchukua siku 15 kwa kawaida, lakini yanaweza kufika siku 45. Kwa hivyo mnaotaka kuingia Gozo tarehe 1 Septemba, wasilisheni maombi mwanzoni mwa Juni. Hata yakichukua siku zote 45, mtakuwa na jibu kabla Julai haijaisha. Basi tafuta nyumba ambayo unaweza kuifuta bila kulipa chochote hadi katikati ya Agosti, au angalau hadi mwisho wa Julai. Itakuwa ghali kidogo kuliko ile isiyofutika. Hiyo tofauti ndiyo bima yako, na kwa maoni yetu ni pesa iliyotumika vizuri kuliko nyingine yoyote katika safari nzima.

Mkijadiliana moja kwa moja na mwenye nyumba, ombeni mlipe kwa awamu: sehemu ndogo ya kushikilia nafasi, iliyobaki baada ya viza, na barua ya kuthibitisha mara tu ile sehemu ya kwanza inapoingia. Wengi hukubali nje ya msimu. Agosti hawatakubali, na tusiwadanganye. Agosti ndio mwezi wa joto kali na wa sikukuu ya Santa Marija, tarehe 15, ambapo Wamalta wenyewe huvuka kwenda Gozo kwa wingi. Nyumba hujaa na bei hupanda. Kwa bahati mbaya ndiyo likizo ya shule hapa kwetu. Likizo yetu nyingine, ya Novemba na Desemba, huko ni majira ya mvua na upepo, nyumba za mawe huwa baridi ndani, na upepo ukizidi feri husimamishwa. Bei ni nafuu sana wakati huo, lakini kidimbwi mtakitazama tu. Asiyebanwa na ratiba ya shule aende Mei, Juni mapema, au Septemba mwisho.

Njia ya malipo, basi. Kwa wengi wetu njia bora ni kadi ya mtandaoni inayotengenezwa ndani ya programu ya pesa za simu, ikitumika kwenye tovuti inayojulikana ya kukodi nyumba. Sababu yake si kwamba kadi ni ya kisasa. Sababu ni kwamba kadi ina utaratibu wa kupinga malipo kama huduma haikutolewa, na tovuti zenyewe hushikilia pesa katikati. Airbnb, kwa mfano, humtumia mwenye nyumba malipo saa 24 hivi baada ya mgeni kuingia. Hadi hapo una wa kumlalamikia. Mtu akikwambia mtoke kwenye tovuti mlipane pembeni ili kukwepa ada, anakuomba uache kinga hiyo, hata kama yeye ni mwaminifu.

Weka pesa kwenye salio kwanza, na uweke zaidi kidogo kuliko hesabu. Kadi huvuta yuro, salio lako ni shilingi, na kiwango cha kubadilisha unachokatwa si kile cha kwenye habari za saa moja. Kina nyongeza. Ukilipa 210,000 ukiwa na 210,000 kamili, malipo yatakataliwa na tovuti itakuachilia nafasi mikononi mwa mwingine. Angalia pia vikomo. Muamala mmoja wa pesa za simu kwa kawaida hauvuki 250,000, na 500,000 kwa siku. Nyumba ya 210,000 ikiongezewa amana ya uharibifu ya yuro 300, ambayo ni 45,000, inafika 255,000 na kukwama. Lipa kwa mafungu mawili au ongea na tovuti mapema. Mweka hazina naye asiipokee michango yote kwenye laini yake ile anayonunulia mboga. Chama kiwe na mahali pake pa kuwekea, na kila mmoja aone kilichoingia.

Kuna swali ambalo tovuti au mashine ya kadi huuliza, nalo linaonekana la upole: unataka kulipa kwa shilingi au kwa yuro? Ukichagua shilingi, wao ndio wanaopanga kiwango, na kwa kawaida wanajipangia vizuri. Chagua yuro.

Kabla hujafika uwanja wa ndege, washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi. Wengi hununua laini ya huko wakaiacha ya nyumbani kwenye droo, halafu wanagundua wakiwa dukani Victoria kwamba namba ya uthibitisho ya kadi imetumwa kwa laini iliyo kwenye droo Rongai. Ibebe. Hata ikipokea ujumbe tu, inatosha. Na kama mnapanga kukodi gari, ulizeni kwanza: makampuni mengi ya magari hutaka kadi halisi ya mkononi yenye jina la dereva ili kuzuia amana, na kadi iliyo ndani ya simu peke yake yanaikataa.

Mkifika kwenye nyumba, kabla mtu hajatupa begi kitandani, mmoja azunguke na simu akirekodi video: kuta, kochi, friji, vioo, kingo za kidimbwi. Umeme uulizeni siku ya kulipa, sio siku ya kuondoka. Kuna nyumba ambazo kiyoyozi hakimo kwenye bei, mita husomwa mnapoingia na mnapotoka, na wiki ya joto inaweza kuongeza bili ambayo hakuna aliyeichangia. Pigeni picha mita. Ulizeni pia ada ya usafi na ile kodi ndogo ya mazingira ambayo mgeni mtu mzima hutozwa kwa kila usiku.

Feri ina kituko chake kizuri. Ukienda Gozo kwa feri ya kawaida kutoka Ċirkewwa, hakuna anayekudai nauli. Unalipa ukirudi, pale Mġarr, kwa safari zote mbili. Ile ya kasi inayotoka Valletta, ambayo huchukua dakika kama 45, ndiyo hulipwa kila upande. Kwa hivyo asiyejua asidhani amevuka bure akatumia yuro zake za mwisho kwa mkate wa ftira na jibini ya ġbejna.

Amana ya uharibifu hurudi kwenye kadi ile ile iliyoilipa, na inaweza kuchukua siku kadhaa baada ya nyinyi kuwa mmesharudi nyumbani. Usiifunge kadi hiyo wala kubadilisha laini kabla haijaingia. Kiasi kitakachoingia kwa shilingi kinaweza kutofautiana kidogo na kilichotoka, kwa sababu kimebadilishwa mara mbili kwa siku tofauti. Zikipita wiki mbili bila kitu, mwandikie mwenye nyumba kupitia tovuti, si kwa WhatsApp, umwombe namba ya kumbukumbu ya marejesho. Ukishaipata, tuletee sisi hiyo namba pamoja na tarehe, nasi tutaifuatilia upande wetu.